Mwaka wa Udongo

Katika nchi ile mwaka haukuja wenyewe. Uliletwa.

Majani yalipoanza kupukutika kandokando ya maziwa makubwa, Watatu walipanda jukwaani, wakashika pindo za kitambaa cha hariri, wakakivuta kwa pamoja, na chini yake likaonekana gari lenye umbo ambalo jana halikuwapo. Hapo ndipo mwaka ulipoingia. Vichwa vikaota mvi, wavulana wakabadilika sauti, mahindi yakakomaa mashambani, wagonjwa wakakata roho. Hakuna aliyehesabu miaka kwa namba. Ukimuuliza mtu umri wake alikwambia, "Mimi ni wa mwaka wa gari la mapezi marefu," au, "Nilizaliwa mwaka wa taa nne," nawe ukajua kama umwamkie au umtume dukani. Na gari la mwaka uliopita, lililokuwa fahari ya nyumba asubuhi, jioni lilikuwa kichekesho cha mtaa. Mwenyewe aliliegesha nyuma ya ghala, akalifunika turubai, akaanza kuota jingine.

Watatu walikuwa watu watatu wenye kivuli kimoja na mdomo mmoja. Watu waliwaogopa, wala si kwa ukatili. Hawakumpiga mtu. Waliogopwa kwa sababu walishika kamba ya kesho, na mwenye kuishika kamba hiyo anahitaji kiboko cha nini?

Zamani hawakuwa peke yao. Zamani kila mji ulikuwa na mtu wake aliyeunda magari: huyu alitoka kwenye baiskeli, yule kwenye cherehani, mwingine kwenye majiko ya makaa. Walikuwa wengi kama visima. Kisha Watatu wakavumbua mwaka, na visima vikaanza kukauka. Muundaji mmoja alikosa mwaka mmoja tu, akasahaulika. Wawili wengine walioana ili wapate nguvu, na kwenye harusi ile majina yote mawili yakafa. Mwingine aliuza jina lake tu, akarudi nyumbani akiwa hana wa kumwita. Mwishowe akabaki mmoja, mbali kaskazini, mahali ambapo theluji hulala hadi watu wasahau rangi ya ardhi. Naye alikuwa Tolberti.

Tolberti alianza na magari ya farasi. Gurudumu lake lilisifiwa kwa kitu kimoja: halikulia. Alipoweka injini mahali pa farasi, alilifinyanga umbo la gari kwanza kwa udongo, ukubwa uleule wa gari lenyewe, na mafundi wa bati wakaufuata udongo ule kwa macho na nyundo. Likatoka gari fupi, la mgongo wa duara, lenye uso wa mtu anayetaka kukuambia jambo ila anaona haya. Watu walilipenda. Kisha Watatu wakaleta mwaka wao wa kwanza, na mnunuzi wa kwanza wa Tolberti akaja kiwandani akilia machozi ya mtu mzima, kwa kuwa binti yake alikataa kushushwa shuleni kwenye gari la mwaka jana.

Tolberti alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akawaita mafundi wote, wanaume kwa wanawake, akawaambia waweke viganja juu ya gari la udongo, akaapa na wao wakaapa: "Atakayenunua gari letu hataaibika kwalo. Umbo hili halitaguswa maadamu yuko mtu mmoja hai anayeliendesha."

Tangu siku ile mwaka ukagota langoni. Ulikuja, ukapiga hodi, haukuona pa kuingilia.

*

Ilikuwa furaha mwanzoni, na ni nani angeikataa? Ndani ya ukuta wa kiwanda hakuna aliyezeeka. Meno hayakung'oka. Nyundo hazikuisha. Kila asubuhi, kama asubuhi ni neno la kutumia, wanawake wa chumba cha udongo walichovya vitambaa kwenye ndoo na kulilowesha lile umbo ili lisikauke likapasuka, na walipokuwa wakilipangusa mgongo na mashavu waliimba:

*Lowa udongo wa baba, usipasuke usoni,*
*Umbo letu la mahaba, halina haya njiani,*
*Mwaka wenye kutukaba, ubaki huko langoni,*
*Hapa ni leo daima, kesho haina mlango.*

Lakini siku ya kiapo haikuwakuta watu wote wakiwa wamesimama wima. Jioni yake Tolberti alianguka kitandani na homa, akamwita mwanawe Lemueli, akamwambia, "Gari, mwanangu, ni..." na pumzi ikasimama hapo. Hakufa. Hakumaliza. Mdomo wake ulibaki wazi kwenye neno ambalo halijafika. Mafundi waliligombania neno hilo wakati wa chakula. Wengine walisema alitaka kusema ni uhuru. Wengine, ni heshima. Fundi mmoja wa rangi aliapa kwamba ni mke wa pili, wakamfukuza mezani.

Na Kezia, dada mkubwa wa Lemueli, siku ile ya kiapo alikuwa na mimba ya siku za mwisho. Ikabaki ya siku za mwisho.

Lemueli ndiye aliyeachiwa funguo. Alikuwa kijana wa mabega mapana na shingo ngumu, mwenye kuamini kwamba nchi nzima iko macho ikingoja aseme. Aliposhika funguo hakusema. Alikaa kando ya kitanda cha baba akiungoja mwisho wa sentensi, kama kwamba kiwanda kizima kingejiendesha kwa neno lile moja.

*

"Lemu," Kezia alisema. Alikuwa ameinama juu ya boneti ya udongo, kitambaa mkononi, tumbo limemtangulia. "Nikuulize kitu?"

"Uliza, dada."

"Ushawahi kujitwisha ndoo ya maji, ukafika nyumbani, ukaambiwa usiitue?"

"Najua unachoka."

"Hujui. Wewe unachoka, unalala. Mimi nikilala huyu ndiye anayesimama. Ananipiga teke palepale, ubavu uleule. Nimeupa jina ubavu wangu." Aliukamua udongo ulioingia kitambaani. "Toka nje uwaambie wale Watatu waingie. Wape wanachotaka."

Watatu walikuwa wamekuja langoni, na wote mle ndani walikisikia walichokisema, maana walikuwa na mdomo mmoja lakini ulikuwa mkubwa. Walisema: tupeni jina. Tolberti. Tutalibandika kwenye gari letu, kwa herufi za fedha, mahali pazuri. Nasi tutauingiza mwaka kwenu taratibu, kijiko kwa kijiko, kama mgonjwa anavyonyweshwa uji. Dada atazaa salama. Mkitoka wenyewe bila sisi, miaka yote mliyoizuia itawaangukia kwa mkupuo. Na hilo lilikuwa kweli. Mshona viti mmoja alitoka kwenda kumwona mama yake, na hatua moja nje ya lango akawa vumbi na vifungo vya koti.

"Wakilichukua jina," Lemueli alisema, "tutakuwa nani?"

"Watu waliozaa."

"Kezia."

"Usinitulize kwa jina langu. Mtu akishafika siku zake hatulizwi." Akaketi taratibu juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Unajua kinachoniuma? Si mgongo. Ni Jothamu. Kila akirudi anarudi mzee zaidi. Mara ya kwanza alirudi na mvi moja, nikaing'oa, tukacheka. Mara hii iliyopita alikuja na fimbo. Mtoto huyu atazaliwa amkute baba au akute fimbo?"

Jothamu alikuwa mumewe. Kazi yake ilikuwa kuwapelekea vipuri watu wa nje wenye magari ya Tolberti, na kwa kuwa alitoka na kuingia mara kwa mara, miaka ilimpata mmoja mmoja kama inavyompata kila mtu wa nje, nayo haikumvunja. Ilimchakaza tu.

Lemueli akatembea kuzunguka gari la udongo. Ndani yake maneno yalikuwa yakivunjika vipande.

Nani aliwapa kesho? Waliikuta wapi? Jua halikuwauzia. Mimi na wao tunapigwa na jua moja. Wao wakivuta kitambaa, mahindi yanakomaa. Mimi nikivuta kitambaa? Mimi sina kitambaa. Mimi nina kiapo. Kiapo ni ukuta. Ukuta unamkinga nani? Mtu aliye ndani. Na aliye ndani ya aliye ndani, aliyejikunja ubavuni mwa dada yangu, huyo anakingwa na nini? Mimi ni huru. Naam. Ni huru kama jiwe lililo chini ya mto. Maji yote yanalipita.

*

Honi ililia langoni, ile honi ya Tolberti inayofanana na kikohozi cha mtu mpole. Jothamu alikuwa amerudi. Alishuka polepole, mguu mmoja, fimbo, mguu wa pili, na gari lake likatulia nyuma yake, mgongo wa duara umejaa theluji. Kezia alimwendea. Akamshika uso kwa mikono yenye udongo, na alipouachilia, vidole vyake vilikuwa vimemchora mashavuni.

"Umenipaka rangi ya vita," Jothamu alisema.

"Umenicheleweshea chai."

"Huyu naye je?" Akaliwekea sikio tumbo. "Bado ana hasira?"

"Ana hasira za kwenu."

Lemueli alimpokea begi. "Karibu, shemeji. Habari za huko?"

"Huko mwaka huu umekuja na vioo vyeusi. Watu hawaonani tena njiani." Jothamu aliketi, akavua glavu. "Shemeji, mimi safari ijayo sirudi. Si kwamba sitaki. Huu mwili ninaujua. Mwaka mmoja zaidi na vipuri vyenu vitajipeleka vyenyewe."

Wale wanawake waliacha kukamua vitambaa.

"Basi nitalitoa jina," Lemueli alisema. "Nitawaita Watatu."

"Uwaite nani? Umelogwa?"

"Nifanye nini, shemeji? Umbo siwezi kuligusa. Tuliapa. Nikiligusa, nyinyi wote mnaoendesha hili mtaonekana mabaki. Watoto watawacheka."

Jothamu alimtazama. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha kifua kibovu, hadi Kezia akampiga mgongoni.

"Watoto watatucheka! Lemueli, mimi nimechekwa tangu mwaka wa mapezi marefu. Nikipita sokoni wanaigiza honi yangu, ehe, ehe, kama wazee wenye pumu. Msichana mmoja aliniuliza kama gari hili limezaliwa hivi au limepata ajali. Huko tuna salamu yetu, tukipishana barabarani, Tolberti kwa Tolberti, tunagusa kofia. Unajua kwa nini? Kwa sababu tunaaibika pamoja. Ile aibu nililinunua gari pamoja nayo. Niliiona dukani, imekaa kiti cha mbele, nikasema, haya, twende. Ni yangu. Nani aliwatuma kunibebea?"

"Baba..."

"Baba mkwe alimwona mtu mmoja akilia, akadhani sote tunalia. Moyo wake mzuri. Lakini ona alichokifanya moyo mzuri." Akamwonyesha mkewe kwa fimbo. "Amekaa juu ya ndoo."

*

Sasa fikiri wewe: mtu mwenye kiburi akigundua kwamba alichokilinda maisha yake yote hakikuomba kulindwa, huenda wapi? Wengine hukasirika. Wengine hutafuta wa kumlaumu. Lemueli alikunja mikono ya shati.

Aliusogelea udongo. Wanawake walimpisha, mmoja baada ya mwingine, na mkubwa wao, aliyeapa kwa kiganja hikihiki kilichoshika kitambaa, alijifunika macho. Lemueli hakuwa mfinyanzi. Lakini usiku na mchana wa kando ya kitanda kile alikuwa amelichora gari jingine kichwani, akalifuta, akalichora tena, akajichukia kwa kulichora. Sasa alibonyeza kidole gumba kwenye shavu la lile gari lenye haya, nalo shavu likabonyea.

Kezia akapiga yowe.

"Endelea," alisema, ameshika ukuta. "Usithubutu kuacha. Endelea!"

Akaendelea. Akaukwangua mgongo wa duara, akaunyoosha. Kila alipopitisha kiganja, kitu kilisogea katika mji wa kiwanda: tone la maji lililoning'inia kwenye bomba tangu siku ya kiapo likadondoka, paka wa ghala akamaliza kuruka kwake, fundi wa rangi akaona jino linalegea, akalishika kwa furaha kama mtoto. Wanawake walimzunguka Kezia, mkunga wao akapaza sauti akitaka maji ya moto na watu wasio na kazi watoke. Jothamu alikataa kutoka. Lemueli akainua kingo za taa, akalifumbua lile jicho la aibu hadi likawa jicho linalotazama mbele. Halikuwa gari zuri kuliko yote. Upande mmoja ulizidi mwingine. Lakini halikuwa la jana, wala halikuwa la Watatu.

Ndipo mtu akaja mbio kutoka chumba cha mgonjwa. "Baba anapumua! Anaongea!"

Lemueli alikimbia na mikono yake ya matope. Akapiga magoti kando ya kitanda. Mafundi walijazana mlangoni, wale wa uhuru na wale wa heshima. Mdomo wa Tolberti, uliokuwa wazi muda wote ule, ulitikisika, na sentensi ikateremka kutoka ilipokuwa imekwama.

"...ni hilo hapo nje," mzee alisema. "Linanguruma bure. Nenda kalizime."

Akafumba macho, akatangulia.

Lemueli alibaki amepiga magoti. Kisha akasikiliza, na kweli: chini ya dirisha kulikuwa na mngurumo mdogo, wa siku nyingi kiasi kwamba masikio yao yaliuchukua kuwa ndio ukimya. Ni gari alilokuja nalo mbio siku ile baba alipoanguka. Aliliacha likiwaka, hakuna aliyekumbuka, na kwa kuwa muda haukwenda, mafuta nayo hayakwisha. Lilinguruma pale, halikwenda popote, halikumpeleka mtu.

Alishuka uani. Akafungua mlango, akakaa kwenye kiti baridi, akageuza ufunguo.

Ukimya uliofuata ulikuwa mkubwa hadi akaweza kuusikia moyo wake, na ndani ya ukimya ule akaelewa kilichombakia. Mwaka mmoja aliweza kuuleta kwa mikono yake. Watatu wangeleta mwingine majani yakipukutika, na mwingine baada ya huo, na yeye angetakiwa kukimbizana nao hadi ageuke kuwa wa nne wao, kivuli chake kimeungana na chao. Au angeapa tena, asimamishe kila kitu, na dada wa mtu mwingine angekaa juu ya ndoo. Kulikuwa na njia ya tatu, nayo ilikuwa mkononi mwake, ya baridi, ndogo kama ufunguo. Akalia kwa sauti, bila kujificha, akilililia gurudumu lisilolia na mji wa kiwanda uliobeba jina la baba yake. Kisha akaingia kiwandani na kuzima mashine moja baada ya nyingine, akizishika kila moja kidogo kabla ya kuizima, kama unavyomshika bega mtu anayesafiri.

Na alipozima ya mwisho, katika utulivu ule, mtoto akalia.

*

Kwa kuwa sasa walikuwa na mwaka wao wenyewe, miaka ya watu wengine haikuona pa kuwashika. Lango likawa lango tu. Mafundi walitoka wakiwa wazima, na masanduku yao ya nyundo, wengine wakielekea mashambani, wengine kwenye viwanda vya Watatu, maana mikono inahitaji kazi na hakuna wa kuwalaumu. Tolberti alizikwa chini ya theluji, na wenye magari yake walikuja kutoka mbali, wakazima injini, wakagusa kofia.

Watatu nao wakaja. Walimkuta Lemueli amekaa kwenye kizingiti cha kiwanda kitupu, akitafuna mkate.

"Tumesikia mmejiletea mwaka," walisema kwa mdomo wao mmoja.

"Mmesikia sawasawa. Karibuni."

"Ni mwaka wa magari mangapi?"

"Hakuna. Ni umbo tu, la udongo. Limeshaanza kupasuka."

"Mwaka usio na gari hautambuliki."

"Uliitambua njia wenyewe. Ulipita."

Walitazama ndani, kwenye giza la mashine. Si kwa dharau. Huenda hata walihuzunika, maana walikuwa wamezoea kuwa na mtu wa kumshinda.

"Kiwanda kimekufa," walisema.

"Kimekufa, ndiyo. Nimekizima mwenyewe."

"Basi jina halina kazi tena hapa. Baba yako ndiye aliyekuwa nalo, naye amefariki. Tupe, tutakulipa vizuri."

"Ningewapa. Ila limeshapata mwenyewe."

"Wewe?"

"Mimi nimelivua."

"Nani, basi? Tuonyeshe. Tutazungumza naye."

Lemueli alikung'uta makombo ya mkate magotini, akageuza shingo yake ngumu kuelekea nyumba ya pembeni. Dirisha lilikuwa wazi. Sauti ya Jothamu ilisikika ikikohoa na kucheka, na ya Kezia ikimwambia ashike kichwa, shika kichwa, mwanamume wewe, hujawahi kushika mtoto?

"Anaitwa Tolberti," Lemueli alisema. "Binti wa Kezia. Nendeni mkamwombe, jina ni lake, akikubali sitakuwa na neno. Lakini msiingie sasa hivi. Ananyonya, na mama yake hataki kelele."

Watatu wakatazamana. Tangu nchi ile iwe nchi, hakuna aliyewahi kuwaambia maneno hayo, na hawakujua mtu huyafanyaje. Mwishowe mmoja wao akavua kofia. Wa pili akapangusa theluji kwenye jiwe. Wakakaa wote watatu, magoti yamegusana, wakasubiri.